Mzee Asukile na Popo wa Kanisa la Igowole

Jumatatu, 30 Juni 2025. Mbeya imeamka na baridi kali, umande umeganda kwenye nyasi za uani, lakini jua limetoka mapema. Leo Mzee Asukile Mwambene, fundi sanifu mwandamizi wa maabara yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne.

Alianza Julai 1991 kwa kuosha chupa. Siku hizi hakuna mtafiti kituoni anayekwenda kuchukua sampuli za popo bila kumuuliza kwanza. Akiazima kalamu harudishi. Tumemsamehe.

Kosa lake kubwa hulisimulia mwenyewe. Novemba 2018 alifika Igowole, Mufindi, kuchunguza popo waliojaa kwenye dari ya kanisa. Akavaa mavazi meupe ya kinga, kichwa hadi miguu, kabla hajasalimia mtu. Watu wakaamini ugonjwa umeingia. Kufikia saa sita mchana walishaleta majani makavu na pilipili wawafukize popo. Wangefukiza, popo wangetawanyika hadi majumbani, na popo aliyeshtuliwa anaweza kumwaga virusi zaidi.

Mzee akavua yale mavazi, akawasalimia mmoja mmoja. Mama Tekla, mzee wa kanisa, hakumwachia: "Baba, unajifunga kama maiti, halafu unatuambia tusiogope?" Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Ndipo akaeleza. Kinga ya mwili wa popo ni kama mlinzi asiyesinzia wala kupandisha hasira: virusi vikiingia anavibana vibaki vichache, na popo anaendelea kuruka. Mlinzi wetu sisi akiviona hukurupuka, akavunja milango na vyombo, na mara nyingi fujo hiyo ndiyo inayotulaza kitandani.

Akawaomba popo wasishtuliwe hadi watoto wao waweze kuruka; watu wakakubali kusubiri. Ibada zikahamia darasani hadi Februari 2019, watoto hao walipojua kuruka. Jioni moja, popo wote wakiwa nje, mafundi wakaziba matundu kwa wavu. Hakuna aliyeugua. Tangu hapo fomu yetu ya safari ina sharti la kwanza: salamu, kisha mavazi.

Pasaka ya mwaka ule watoto kumi na wawili walibatizwa kanisani humo. Sasa wako darasa la kwanza.

Asante, Mzee wetu. Nenda Tukuyu ukapumzike, afya iwe njema, migomba izae, na siku zako ziwe nyingi na za furaha.