Mpaka Gari la Mwisho Lifike

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu ikikwama, mnivumilie. Mzee Abner Nyangate ametutoka. Ndiyo, Nyangate yule yule wa Kenyenya, aliyekuwa akinipigia simu hapa studioni kunigombeza kwamba naongea mno na nyimbo ni chache. Amefariki Jumapili, mchana kweupe, ndani ya gari lake, wenzake wakila hatua chache kutoka hapo. Jamani! Mimi hadi sasa sijaamini.

Nyangate aliendesha lori la majani chai hadi akastaafu. Kisha akanunua Pijo kuukuu, gari lililokuwa limegeuzwa banda la kuku. Walitagia kiti cha nyuma! Akaifufua mwenyewe, vipuri akitafutiwa na rafiki yake Odero, mwenye duka mjini Kisii. Wawili hao wakaanzisha chama cha magari ya kale. Chama kilitembea Jumapili, kwa kuwa Nyangate alikuwa Msabato. Na kilikuwa na desturi moja: Pijo inatangulia, na ikifika haizimwi mpaka gari la mwisho lifike. "Siwezi kuzima na mtu wangu bado yuko barabarani," mzee alisema.

Miaka yote alimbembeleza mkewe, Drusilla, waende pamoja kwenye safari hizo, ambazo mwisho wake ni chakula kwenye baa fulani. Mama alikataa katakata. "Mimi na baa, wapi na wapi?" Jumapili hii akakubali. Mzee hakujiweza kwa furaha. Alimwambia, "Leo tutakula meza moja, watu wakuone."

Wakaenda kwenye baa moja ya mashambani kule Nyamira, katikati ya majani chai. Datsun ya Odero ikachemka njiani, akabaki nyuma. Nyangate akamwambia mkewe atangulie ndani, yeye anamngoja Odero. Injini ikaendelea kunguruma. Chakula kikaja, kuku na ugali wa wimbi. Wanachama wakachungulia dirishani, wakamwona ameinamia usukani. Wakacheka. "Mwacheni, anaisikiliza Pijo yake." Injini ilikuwa inanguruma, wasikilizaji. Nani angeshtuka?

Mama Drusilla ameniambia hivi: "Nilifunika chakula chake kwa sahani nyingine kisipoe. Mimi mwenyewe sikula. Nilimkasirikia, mwanangu. Nikasema, huyu amenileta huku ili akae na gari?"

Odero akafika. Akashuka akicheka, akaenda moja kwa moja kwenye Pijo. "Omogaka, mzee wangu, zima sasa. Nimefika." Mzee hakuinuka. Odero akamshika bega, kisha akapiga ukemi. Daktari alisema ni moyo, na kwamba alikuwa amekata roho kitambo. Kitambo! Yaani walipokuwa wakicheka, mzee hakuwepo tena.

"Amekufa akiningoja mimi," Odero ananiambia, na analia kama mtoto. Odero, ndugu yangu, si kosa lako. Hata wale waliocheka, si kosa lao. Walimpenda.

Kwa Mama Drusilla, watoto na chama chote, poleni sana. Mungu awashike mkono. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu wako amekawia kuja mezani, usiseme ndivyo alivyo. Acha kijiko, nenda ukamwangalie.

Aliyezima ile injini ni Odero. Mama Drusilla, kule ndani, hakuutofautisha ule ukemi na kelele za baa. Alisikia tu kwamba gari limezimwa. Akafunua sahani, akavuta kiti cha pembeni yake, akamwekea mzee maji ya kunawa.