Mafunzo ya Kupulizia Mikorosho

AWADHI: Haloo? Nani mwenzangu?

NASMA: Mimi.

AWADHI: Mimi nani? Namba siijui hii. Kama ni wale wa "ile hela tuma kwa namba hii", hapa Ruangwa mmepotea njia—

NASMA: Awadhi, ni Nasma! Nimeazima simu ya mama. Yangu ndiyo inayoipa kompyuta mtandao.

AWADHI: Aaa, Nasma wa Nachingwea! Habari za huko?

NASMA: Nzuri. Sikiliza—

AWADHI: Mama hajambo? Mmeamkaje?

NASMA: Hajambo, hatujambo, na kuku hawajambo. Uko wapi?

AWADHI: Kibandani, namrushia mzee mmoja nyimbo kwenye memori kadi. Anataka taarabu tupu. Vipi, umeliona toleo jipya la Gawana, programu yetu? Nimelituma asubuhi. Tamu, eh? Sasa hivi mtu anafungua kile kidirisha cheusi, anaandika neno moja tu, "gawa", anapiga enta, kwisha. Vibanda vyote vinapata.

NASMA: Ndilo hilo linalonipigisha simu. Lile swali liko wapi?

AWADHI: Swali gani?

NASMA: Zamani ukiandika "gawa" inakuuliza, "Folda gani?" Usipojibu haigawi kitu. Leo haijaniuliza.

AWADHI: Nimelitoa.

NASMA: Umelitoa!

AWADHI: Masoudi wa Ruponda ameniua na hilo swali. Kila siku simu: "Awadhi, kompyuta inaniuliza, niijibu nini?" Nikaona basi, isiulize. Usipotaja folda, inachukua ile uliyomo na kila kitu kilicho ndani. Si nimeandika kwenye maelezo?

NASMA: Nani anasoma maelezo?

AWADHI: Wewe ndiye uliyesema niandike maelezo!

NASMA: Ili asome Masoudi!

AWADHI: Nasma. Umegawa ukiwa folda gani?

NASMA: Ya kwangu. Ya nyumbani.

AWADHI: Yote?

NASMA: Yote. Picha za harusi ya kaka Mahamudu zimekwenda, barua za baba za kuomba kazi zimekwenda, hizo shauri yao. Kuna faili moja, Awadhi. Moja tu.

AWADHI: Lipi?

NASMA: (kwa sauti ya chini) Mafunzo ya kupulizia mikorosho.

AWADHI: Lile? Mbona hilo ndilo limependwa! Nikasema Nasma bwana ana kichwa, msimu wenyewe ndio huu, watu wako mashambani na mabomba. Masoudi amelichukua, Agapiti wa Mtua amelichukua, Teofili hapa stendi amelichukua. Sijaona faili likigombewa hivyo tangu tuanze. Hata lile la mpira—

NASMA: Si la mikorosho.

AWADHI: Ee?

NASMA: Jina tu nililiweka ili Mahamudu asilifungue. Yule ukimtajia mkorosho anakwenda kulala.

AWADHI: Sasa Nasma, majina yote duniani! Wilaya nzima inalima korosho, wewe unaficha kitu kwa jina la korosho?

NASMA: Nilikuwa namficha Mahamudu, sikuwa naificha wilaya!

AWADHI: Ndani kuna nini?

NASMA: Sauti.

AWADHI: Ya nani?

NASMA: Ya bibi Rabia. Na shangazi Mwamina. Na wenzao.

AWADHI: Shangazi Mwamina si ndiye yule kungwi—

NASMA: Awadhi.

AWADHI: Wanaimba?

NASMA: Awadhi!

AWADHI: Za unyagoni?

NASMA: Usizitaje kwenye simu, mwanamume wewe! Unajua nilimbembeleza vipi shangazi? Bibi Rabia ndiye anayezijua zote, na kifua kinambana, akiimba mbili anapumzika. Nikasema nirekodi, asije akaondoka nazo. Shangazi akakubali kwa kiapo. Akaniambia, "Asisikie mwanamume, hata jogoo."

AWADHI: (anacheka)

NASMA: Unacheka?

AWADHI: Hapana. Nakohoa.

NASMA: Desemba wali wakiwekwa ndani kufundwa, nilikuwa niketi naye upande wa wanaofundisha. Mara yangu ya kwanza. Akijua, hatanipiga. Angenipiga ningeshukuru. Atanitoa, Awadhi. Nitapita njiani, wanawake wote wa kwetu watanyamaza mpaka nimalize kupita. Na bibi Rabia hatafungua mdomo tena, zilizobaki zitakwenda naye.

AWADHI: Daah. Pole.

NASMA: Umelisikiliza?

AWADHI: Mimi? Mimi na mikorosho wapi na wapi?

NASMA: Awadhi.

AWADHI: Mwanzo tu! Nilidhani bwana shamba kaweka wimbo wa kufungulia.

NASMA: Mwanzo mpaka wapi?

AWADHI: Mpaka... ngoma ilipoingia.

NASMA: Ngoma inaingia katikati!

AWADHI: Nilikuwa nangoja dawa! Nikasema lazima atafika kwenye dawa—

NASMA: Nyamaza. Nyamaza kabisa. Na usahau.

AWADHI: Nimeshasahau. Ila lile la—

NASMA: Awadhi!

AWADHI: Nimesahau.

(mtandao unakwaruza)

NASMA: ...kia? Haloo? Unanisikia?

AWADHI: Nakusikia sasa. Usihofu, Masoudi na Agapiti hawajafungua vibanda, wako mashambani. Mashine zao ndizo zilizolichukua, zimewaka tu kwa sola, zinapokea. Hawajasikia kitu.

NASMA: Na Teofili?

AWADHI: Teofili ana ule mtindo wake.

NASMA: Bado anaendelea nao?

AWADHI: Anaendelea. Kila kilichoingia asubuhi anakipiga chote kwenye spika ya stendi, kimoja baada ya kingine, wala hasikilizi kwanza. Anaita "Mapya ya Leo".

NASMA: Lahaula. Na shangazi yuko kwenye basi.

AWADHI: Basi la wapi?

NASMA: La kuja huko kwako! Anakuja sokoni kutafuta khanga. Anashuka stendi, hapo hapo penye spika!

AWADHI: Mama yangu.

NASMA: Anapiga nini sasa hivi?

AWADHI: Ngoja nitoe kichwa... Kwaya. Ikiisha hiyo kuna mawaidha mafupi, halafu... halafu mikorosho.

NASMA: Kimbia ukamwambie asipige!

AWADHI: Teofili? Ukimwambia Teofili faili hili usilipige, anaongeza sauti. Na anaita watu waje wasikie walichokatazwa. Humjui?

NASMA: Namjua. Basi tulifute. Tulifute kote.

AWADHI: Gawana haina kufuta.

NASMA: Kwa nini haina?

AWADHI: Nilipotaka kuweka, nani alisema, "Kilichogawiwa kimegawiwa, hakuna mkubwa wa kuingia kwenye mashine ya mwenzake"?

NASMA: Mimi.

AWADHI: Ahsante.

NASMA: Nilisema vizuri, lakini.

AWADHI: Ulisema vizuri sana. Sasa subiri... subiri. Si kuna ile ya kubadilisha? Faili jipya likija na jina lilelile, la zamani linajiondoa lenyewe kwenye kila mashine. Tuliiweka kwa ajili ya mawaidha yaliyorekodiwa upya.

NASMA: Ndiyo! Naweka chochote, nakipa jina la mikorosho, nagawa—

AWADHI: Kisiwe kifupi, lakini. Jipya likiwa dogo kuliko la zamani linakataliwa. Tulizuia yale mafaili yanayokatika njiani mtandao ukisinzia.

NASMA: La bibi Rabia ni refu.

AWADHI: Unalo jingine la sauti, refu kama hilo?

NASMA: Ninalo moja.

AWADHI: Lipi?

NASMA: Limeandikwa "jaribio la pili". Ulinitumia wewe.

AWADHI: Lile si nilikuambia ulifute? Siku ileile nilikuambia, faili bovu, futa.

NASMA: Nilisahau.

AWADHI: Ulilisikiliza?

NASMA: Mwanzo tu.

AWADHI: Mwanzo mpaka wapi?

NASMA: Pale unapojaribu maiki. "Moja mbili, moja mbili." Halafu unaimba.

AWADHI: Halafu?

NASMA: Unaimba vibaya, kwa kweli.

AWADHI: Halafu, Nasma?

NASMA: Halafu unasahau kuzima. Mama yako anaingia na chakula.

AWADHI: Ukaishia hapo?

NASMA: Karibu na hapo. Anasema amechoka kumpikia mtu anayekula huku anaikodolea macho simu, na kama ni yule binti wa Nachingwea, useme, wazee wapo.

AWADHI: Na jibu langu ulilisikia?

NASMA: Mtandao unakwaruza.

AWADHI: Haukwaruzi. Ulilisikia?

NASMA: Nakupata kwa mbali...

AWADHI: Nasma!

NASMA: Kwaya imefika wapi?

AWADHI: Imekwisha. Mawaidha yameanza. Daah... Unajua litakavyokuwa? Stendi nzima! Kisha Masoudi, kisha Agapiti. Nitakwenda Ruponda na kofia ya pikipiki usoni.

NASMA: Ndiyo maana sijagawa. Nakuomba kwanza. Za bibi Rabia zimekwenda bila ruhusa ya mwenyewe. La kwako siligusi mpaka useme. Ukisema hapana, nitamngoja shangazi arudi, nipige magoti, nimweleze.

AWADHI: Angekusamehe?

NASMA: Hapana.

(kwa mbali honi ya basi)

NASMA: Hiyo nini?

AWADHI: Basi linaingia.

NASMA: La Nachingwea?

AWADHI: La Nachingwea. Gawa.

NASMA: Una hakika?

AWADHI: Gawa kabla sijapata akili! Na utaje folda!

NASMA: Nataja, nataja... Nabadilisha jina... mikorosho... enta. Linakwenda.

AWADHI: Limefika kwangu. La zamani limejiondoa. Ruponda tayari. Mtua... tayari. Teofili bado.

NASMA: Kwa nini bado?

AWADHI: Mashine yake nzito, ina nyimbo mpaka puani. Haya kijana, haya... Mawaidha yanaishia, Nasma, anaomba dua.

NASMA: Yawe marefu, Mungu wangu, yawe marefu.

AWADHI: Abiria wanashuka. Yule mwenye mtandio wa kijani—

NASMA: Ana kikapu?

AWADHI: Ana kikapu.

NASMA: Ndiye. Limefika?

AWADHI: Bado. Dua imekwisha. Watu wamesema amina.

NASMA: Awadhi!

AWADHI: Limefika! Limefika! Sijui kama limewahi, sikiliza—

(spika kwa mbali: mtu anahesabu, kisha anaanza kuimba)

NASMA: Ni wewe.

AWADHI: Ni mimi.

NASMA: Alhamdulillahi.

AWADHI: Wanacheka. Makondakta wote wanacheka. Yule mzee wa taarabu hapa anauliza nani huyo anayechinjwa.

NASMA: Na shangazi?

AWADHI: Amesimama. Anacheka na yeye, ameweka mkono kiunoni. Hana habari yoyote.

NASMA: Awadhi. Ahsante. Sijui nikuambie nini.

AWADHI: Usiniambie kitu. Mama anaingia na chakula.

NASMA: Wapi?

AWADHI: Kwenye spika! Wamenyamaza wote. Walipokuwa wanacheka ilikuwa afadhali! Anasema... ametaja jina lako. Na kijiji. Na jina la baba yako, jamani, mama huyu!

NASMA: Shangazi anafanya nini?

AWADHI: Ameacha kucheka. Amekaa juu ya kikapu chake, anasikiliza. Nasma, sasa nitajibu mimi. Ziba masikio.

NASMA: Nizibe ya nini? Nalijua.

AWADHI: Unalijua?

NASMA: "Mama, nikimwambia akakataa, sitakuwa na wa kutengeneza naye Gawana tena. Bora nibaki na hii sauti yake kwenye simu." Nimelisikiliza lote, Awadhi. Siku ileile, na siku nyingine. Nikawa nangoja useme mwenyewe. Kila ukipiga unaniambia habari za folda!

AWADHI: Ukawa unangoja.

NASMA: Nangoja. Mpaka nikachukia.

AWADHI: Ningejua—

NASMA: Hukuuliza. Unapenda kutoa maswali, kama lile la folda.

AWADHI: Nasma, mimi... Ngoja. Amenyanyuka.

NASMA: Nani?

AWADHI: Shangazi. Amemuuliza Teofili kitu. Teofili ananyoosha kidole huku. Anakuja, Nasma, anakuja kibandani! Nifanye nini?

NASMA: Amenuna?

AWADHI: Sura yake siielewi. Shikamoo shangazi! ...Ndiyo, ni mimi. ...Ndiyo, mama mzazi. ...Hapana, sikukusudia itangazwe, ni mambo ya mitambo.

NASMA: Anasemaje?

AWADHI: Anasema mambo haya hayapigiwi spika, yana mlango na yana hodi. Anasema mama yangu amesema maneno ya mtu mzima, mimi ndiye nimeyakalia. Anauliza mama yuko nyumbani muda huu?

NASMA: Ili?

AWADHI: Anataka akamsalimie. Sasa hivi. Kabla ya khanga.

NASMA: Mpeleke! Funga kibanda umpeleke!

AWADHI: Nimpeleke vipi, Nasma? Mama hajui! Hajui kama aliwahi kurekodiwa! Hajui kama yuko stendi, yuko Mtua, yuko Ruponda! Shangazi atamwambia, "Mwenzangu, nimekusikia ukizungumza," yeye atauliza, "Wapi?" Nitamjibu nini mimi?

NASMA: Sikiliza, salio linakwisha hili—

AWADHI: Usikate! Ameshatangulia, ananiita! Nakuja shangazi! Nasma, nimwambie nini mama ya—

NASMA: Mwambie ukweli, anza na samahani, halafu mwambie mimi nimekub— Haloo? Awadhi? Haloo?