Barua ya Mhazini

Kwa niaba ya familia, mimi kaka yake mkubwa, na mwenyekiti wa chama chetu cha miguu ya bandia, nawasomea maisha ya mdogo wangu, ambaye hata wajukuu zake walimwita Mhazini.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1941, mtoto wa tatu wa fundi saa, akasoma kuanzia 1949 hadi 1957, akinishinda hesabu kila muhula, kisha akawa karani wa ghala la mbao, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1997. Tarehe 14 Agosti 1966 alimwoa mshonaji aliyemshonea shati akakataa kulipwa, wakajaliwa wasichana wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1983 tulianzisha chama, katika vyumba viwili nyuma ya gereji, ili watoto waliokatwa miguu wapate kutembea, na katika katiba niliandika kwa mkono wangu kwamba mhazini hataacha kiti mpaka hesabu zifungwe bila deni. Wafadhili walipokuwepo kifungu hicho kilikuwa pambo tu, lakini walipoondoka mwaka 1994, wakituachia mashine na kodi ya vyumba, kiligeuka kufuli. Kila Desemba alisimama mkutanoni na barua ya kujiuzulu, nami nikamsomea kifungu, wajumbe wakapiga makofi, naye akaketi. Kiinua mgongo chake kililipa kodi ya miaka minne. Mkewe aliniuliza mlangoni, "Shemeji, huyu mtu kanioa mimi, au kaolewa na chama?" Nilicheka, nikaingia kumwita mumewe twende mkutanoni.

Moyo wake ulianza kuchoka Novemba 2017, akalazwa mara tatu, na hata wodini aliuliza kama mwenye nyumba amekuja. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Julai 2019, saa nne asubuhi. Katika mfuko wa koti lake tuliikuta barua, ni ileile moja, tarehe zimekatwa na kuandikwa upya juu yake, ya mwisho ikiwa ya Desemba ijayo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maji na viti, mafundi wa chama ambao hawajapata mshahara tangu Februari, na mwenye nyumba, aliyefika leo bila kutaja kodi.

Hesabu hazijafungwa. Hata hivyo asubuhi hii, mbele ya wajumbe watatu, nimeitia sahihi barua hiyo, na ufunguo wa sanduku la chama nimeuchukua mimi, kwa sababu kifungu ni changu.

Mdogo wangu, barua yako imepokelewa, nenda kapumzike.