Kifyonza Vumbi cha Dereva wa Taksi

Kwenye kivuko cha kwenda Sengerema, dereva wa taksi alikuwa akimwonyesha mama mmoja kifyonza vumbi kidogo cha mkononi, akikitikisa kana kwamba sisi abiria ndio tuliokitengeneza.

"Mama, dukani walimwaga unga mezani, kikaufyonza wote! Kwenye gari langu vichwa vya dagaa havitoki, kinanipulizia harufu tu usoni!"

"Kwani gari lako linabeba unga?"

"Linabeba watu!" alifoka. "Na hao watu wanapanda na dagaa kwenye viroba vilivyotoboka!"

"Basi ungeenda na dagaa dukani, ukakijaribu hapo hapo."

Kivuko kikagusa gati. Mama akainua kiroba chake, vichwa vya dagaa vikadondoka miguuni pangu.

"Haya, mwanangu, taksi yako ni ipi?"