Baiskeli ya Pembe za Kondoo

Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Bogoro. Katika basi la kwenda Shari nililopanda, Martine alimsimulia mzee jirani yake jinsi juzi alivyopita njia za mashamba kwa baiskeli nyepesi yenye usukani kama pembe za kondoo, aliyoachiwa na padri. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuipanda. Mgongoni alifunga kwa kitambaa cha kikwembe dawa za malaria za mtoto wa dada yake aliyeko Bogoro.

"Haina hata portbagaji ya kubebea mizigo! Iko na kazi gani?" mzee alicheka.

"Papa, mu matope niliibeba ku bega."

"Baiskeli ndiyo inabeba mutu, mama!"

"Tulipokezana. Nilianguka mara ine. Lakini dada alinipigia simu: leo asubuhi mutoto alilomba bugali akule, homa imeisha!"

Abiria tulishangilia, mzee aliendelea kubisha. Basi liliposimama, Martine alishuka akichechemea. Sijaona mtu akichechemea kwa fahari vile.