Wajane Wanaoimbiana Kilioni

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo. Sauti mnayoisikia ndiyo yote niliyobakiwa nayo, na leo sitaki kurudia neno.

Mnanijua. Miaka mingi niliongoza korali hapa, na nilikuwa na majivuno, sitawaficha. Kisha nikapasuliwa shingo. Uvimbe ukatoka, sauti ya kuimba ikaenda nao. Korali ikapata kiongozi mwingine, ni haki yao. Mimi nikakaa nyumbani, Jumapili baada ya Jumapili, nikimkasirikia Mungu. Mke wangu alikuja kusali peke yake.

Siku moja wajane sita wakaingia kwangu. Mkubwa wao akasema, "Papa, shiye tukikufa, hakuna korali yenye inakuyaka ku kilio. Inaendaka kwa bantu bakubwa. Utufundishe, tuimbiane shiye benyewe."

Nawaambia ukweli: nilikubali kwa kuwahurumia, na huruma ile ilikuwa ya mtu anayejiona bora. Nikaandika noti ubaoni, do, re, mi, kama nilivyofanya kwa vijana. Wiki tatu wakaimba ovyo. Ya nne nikatupa chaki, nikawaambia wazee hawafundishiki.

Yule mkubwa akasimama. "Mwalimu, ile tableau hatuione. Macho imechoka. Tulisikia haya kukuambia."

Ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze. Wiki tatu, na sikuwauliza hata mara moja! Nikaomba radhi. Nikaziweka noti mwilini mwangu: do magotini, mi kiunoni, sol kifuani, do ya juu kichwani. Mimi nagusa, wao wanaimba. Mwalimu hana sauti, wanafunzi hawaoni vizuri, na tukaelewana. Cheka tu, mama, hata sisi tulicheka.

Mwezi uliopita yule mkubwa akafariki. Korali haikuja kilioni. Wajane watano wakasimama kando ya sanduku, mimi mbele yao nikigusa magoti, kiuno, kifua. Wakaimba kwa sauti tatu, wala hawakukosea. Watoto wake waliotoka Kambove wakalia. Nililia pia. Pale ndipo nilipojua Mungu aliniachia kazi gani.

Asante, mke wangu, kwa kuniombea nilipokuwa sisali. Asante, wamama, kwa kunivumilia. Na wewe unayefundisha, muulize kwanza mwanafunzi wako anaona nini.

Tunakutana Jumamosi saa tisa, nyuma ya kanisa. Mzee yeyote aliyebaki peke yake aje. Kati yetu hakuna tena atakayezikwa kimya.