Bwana Alinikuta na Gitaa Lisilo na Umeme

Bwana Yesu asifiwe! Aaa, hiyo amina ni ya watu ambao hawajanywa chai. Nawaelewa, kwa baridi ya leo hata mimi nimevaa masweta mawili. Bwana Yesu asifiwe tena! Hapo sawa.

Ndugu zangu, kwa msionifahamu, naitwa Leokadia, mtoto wa hapahapa Malangali. Mimi ni mpiga gitaa. Si lile la kwaya, wanakwaya mnisamehe. Nilikuwa napiga roki, gitaa la umeme, spika zinatetemesha madirisha! Mbeya tulikuwa na bendi ya watu wanne, mwanamke nikiwa peke yangu. Nililipenda lile gitaa, jamani! Nikilishika najisikia mtu. Shida ni kwamba watu walikuja ukumbini kucheza, na roki yetu hawakujua waichezeje. Siku moja mzee mmoja alisogea jukwaani kwa upole kabisa akaniuliza, "Binti, hilo gitaa linaumwa?"

Basi, bendi ikafa kidogokidogo. Mwimbaji akahamia bongo fleva, mpiga ngoma akapata ajira ya ualimu Namanyere, wa besi akaacha kupokea simu. Nikarudi nyumbani kwa mama na begi langu moja na gitaa. Ndugu zangu, nililia! Muziki ukipigwa redioni, natoka nje. Niliona kama Mungu amenipa kitu halafu ameghairi. Mama hakunigombeza, ila alinitafutia kazi kwenye mashine ya kusaga ya baba mdogo. Kazi ni kazi, siidharau, ugali tunaokula unatoka huko. Lakini moyoni nilijua nikishaingia kule, gitaa silishiki tena maishani. Tukakubaliana naanza Jumatatu.

Wiki hiyohiyo, sikilizeni Mungu anavyotenda! Akaja kijana wa Mbeya anaitwa Baraka, anatengeneza filamu huku kwetu Ufipa, ya kijana anayerudi kwao baada ya miaka mingi. Baraka aliwahi kutuona jukwaani, akanitafuta. Anataka muziki wa pale kijana anapoingia kwa mama yake. Niliruka kwa furaha! Nikapiga, nikamtumia. Akakataa. Nikapiga tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Akanipigia simu: "Dada Leokadia, mama anamwona mwanawe, wewe unapiga kama nyumba inaungua!" Mnacheka nyie. Mimi siku ile sikucheka. Ilikuwa Ijumaa, akanipa mpaka kesho yake mchana, nikishindwa anamchukua mtu mwingine.

Jumamosi asubuhi nimeunganisha nyaya, nimewasha spika, pap! Umeme umekatika. Malangali nzima! Nikapiga magoti palepale sebuleni. Nikasema, Bwana, nimefika mwisho, sina spika, sina ujanja, kama hili gitaa ulinipa wewe, basi lisemee wewe. Sala yenyewe ilikuwa hiyo tu, ndugu zangu, ya mtu aliyechoka.

Sasa, gitaa la umeme bila umeme linalia kama mbu. Lakini sisi wapigaji tuna kaujanja: ukiliegemeza kwenye mbao, sauti inaongezeka kidogo. Mama alikuwa anachambua maharage mezani. Nikaliegemeza kwenye meza yake, nikawasha simu irekodi, nikapiga polepole, noti chache tu, maana nyingi zingevurugika. Nikiwa katikati, jirani yetu bibi mmoja akaingia. Mnatujua Wafipa, mtu mzima akiingia hasalimiwi kesho! Mama akaacha maharage, akainama, akampigia makofi yale ya salamu, taratibu, kwa heshima zote. Bibi naye akaitikia kwa makofi. Nikasema moyoni, nimekwisha, rekodi imeharibika! Lakini vidole vyangu havikusimama. Vikaanza kuyafuata yale makofi, mpaka salamu zikaisha.

Muda ulikuwa umekwenda. Nikaituma hivyohivyo na aibu yangu.

Jumapili baada ya ibada, Baraka huyo nyumbani na kompyuta yake. Akaweka picha na ule muziki pamoja. Kijana anafungua mlango, gitaa linasikika kidogo, halafu kimya, halafu makofi. Na mama yangu mzazi, huyu aliyekaa pale mbele na kilemba cha kijani, akainama kwenye kiti chake, akaitikia! Anaisalimia kompyuta, jamani! Baraka akasema, "Hayo makofi siyaondoi."

Mama aliangalia mpaka mwisho. Akajifuta macho kwa kitenge, akanigeukia. "Kesho usiende mashineni. Baba yako mdogo nitaongea naye mimi."

Haleluya! Nililia kuliko nilivyolia bendi ilipokufa, ila hiki kilikuwa kilio kingine. Leo kazi yangu ni muziki wa filamu. Naletewa picha, nazitazama, naomba kwanza, ndipo nashika gitaa. Roki bado naipenda, mchungaji usinune! Lakini asubuhi naamka nikiwa na hamu na siku yangu, na hicho ndicho nilichokuwa nimenyang'anywa.

Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru mama. Na wewe uliyekaa humu, ambaye kesho yako imeshapangwa na moyo wako unaikataa, mwamini Yesu. Usingoje mpaka upate sala nzuri. Njoo hapa mbele, tupige magoti wote, umwambie tu kwamba umechoka. Atakusikia. Mimi alinisikia.